Kiti cha Wagonjwa

Jumapili, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Francine alirudi kutoka kanisani akamkuta mumewe, muuguzi Kitwa, amelala kifudifudi kwenye mlango wa chumba cha dawa. Zahanati yao ndogo ilikuwa nyuma ya stesheni ya Kamina, nyumba na kazi chini ya bati moja. Kisogo cha Kitwa kilikuwa kimepasuka. Jiwe la kuzuia mlango, ambalo kila mgonjwa wa mtaa ule aliwahi kujikwaa nalo, lilikuwa ndani ya ndoo, na maji ya ndoo yalikuwa mekundu.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano, Inspekta Phébé Kisimba alishuka kwenye pikipiki ya kukodi, akashika kiuno, akasimama kwanza. Wanaomfahamu tangu ile kesi ya mgodi wa Luena wanajua kwamba mama huyu hakimbii hata nyumba ikiungua. Wasiomfahamu wajue tu kwamba alikuwa na miaka hamsini na tisa, miguu inayovimba kila jua likiwaka, na miezi michache ya kungoja kustaafu. Maiti alikuwa ameziona za kutosha. Huyu alimwonea huruma, maana Kitwa ndiye aliyekuwa akimpa dawa ya miguu.

Alikagua polepole, akiandika. Kwenye baraza: kigoda cha mti upande wa kivuli, alipozoea kukaa Kitwa, na mbele yake, juani, kiti cha plastiki cha bluu cha wagonjwa. Ndani, mezani: daftari la rufaa, lile la karatasi mbilimbili, halisi anapewa mgonjwa aende nayo hospitali kuu, na nakala inabaki daftarini. Nakala ya namba thelathini na moja ilikuwa imechanwa, haipo. Dawa zote zilikuwepo.

Alikipindua kile kiti. Chini palikuwa na herufi mbili zilizochomwa kwa msumari wa moto, KT. Hakushangaa. Viti vya plastiki vinafanana kama mayai, na Kamina kila nyumba ina chapa yake, vinginevyo kilio kimoja tu cha msiba, watu wakiazima, kinatosha kukupotezea viti vyote. Aliandika: *kiti kimoja cha bluu, chapa KT chini*. Kisha akakifunga kwa kamba na lakiri, kwa sababu siku hizi kitu cha plastiki kilichokaa juani karibu na maiti hakiachwi.

Jirani wa ng'ambo ya barabara, Mama Élisa, alikuwa amekaa mlangoni kwake akijipepea na kitenge.

"Mama Élisa, nani alifika hapa leo muchana?"

"Hakuna muntu, Mama Inspecteur. Leo njo siku ya yenga, siku ya kanisa, bagonjwa habakuyake."

"Hata moya hakupita?"

"Kupita, banapita. Si kilio ya Bolingo iliisha jana? Bamama banarudisha viti. Niliona mabinti ba kwaya na viti ine. Mama Tshiala alipita na kiti moya ku kichwa. Muke ya chef de gare, mukubwa wa stesheni, na mbili. Lakini bale si bantu ba kuuliza, banarudisha viti tu."

Phébé aliandika: *hakuna aliyeonekana akiingia*. Kisha akafunga daftari, kwa sababu kalamu ilikuwa inakwisha wino na yeye mwenyewe alikuwa amekwisha.

Mji mzima ulijua habari ya Bolingo. Msichana wa miaka ishirini na miwili, mimba ya kwanza, alikuwa amefika kwa Kitwa Jumamosi ya wiki iliyotangulia, akapimwa kwenye baraza lile. Jumanne alikufa, na mtoto tumboni. Aliyemlea ni mama yake mdogo, Tshiala, mjane wa askari kutoka Kasai, na kilio kilikaa kwa Tshiala, mitaa mitatu kutoka zahanati. Siku zote za kilio watu walisema neno moja: Kitwa amemuua. Tshiala hakusema hivyo. Alilia tu, na watu walisema kwa niaba yake.

"Na Kitwa mwenyewe alisema nini?" Phébé alimuuliza Francine jioni ile.

Francine alikuwa na macho makavu. "Alisema siku ya kazi ya kwanza ataenda kuongea na jamaa yote ya Bolingo. Minyi nilimukataza. Tulipigana kelele sana jana, majirani bote balisikia. Nilimuambia, Kitwa, utapigwa. Anasema: nikinyamaza, itakuwa kweli."

"Kuongea nini?"

"Hakuniambia. Siri ya mugonjwa, hakuwa anaileta ku meza."

Majirani walipothibitisha zile kelele, Phébé alimtazama Francine kwa siku moja kwa jicho la pili, akaona aibu, akaacha: watu arobaini walikuwa wamemwona kanisani tangu saa saba hadi saa kumi. Kisha akageukia Bokungu, muuza dawa wa sokoni, ambaye Kitwa alikuwa amemshtaki kwa kuuza vidonge vilivyopitwa na wakati. Bokungu alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba atamkomesha. Lakini Jumapili hiyo Bokungu alikuwa ndani ya treni iliyokwama njiani kutoka Bukama, toka asubuhi hadi Jumatatu, na abiria mia moja walikuwa mashahidi wa matusi yake.

Jumatano, kiti kikapelekwa kwenye Sikio.

Sikio lilikuwa limeletwa kutoka Lubumbashi mwaka ule, sanduku la chuma la ukubwa wa redio ya zamani, na fundi wake, Jean Nday, mtu wa makamo mwenye miwani minene na subira ya ajabu. Alikuwa ameieleza kazi yake mara nyingi hata akawa anaieleza kama mtu anayesali rozari. Plastiki ikipata joto la jua hulegea kidogo, kiasi ambacho jicho halioni, na sauti za karibu hujichora ndani yake. Ikirudi kivulini hukaza na kuzishika, miezi hata miaka. Sikio huzitoa. Haliwezi kusema sauti iliingia siku gani wala saa ngapi, ila ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Kamina nzima ilijua. Kuna watu waliokuwa wamerudia viti vya mianzi kwa sababu hiyo tu.

Nday aligusisha waya kwenye kiti, na kutoka kwenye sanduku ikatoka sauti ya mwanamume, ya chini, iliyokauka:

"Kitwa, ulimuua muke yangu. Minyi nitakuua na mikono yangu."

Ilikuwa sauti ya Dany Likoke, mchomeleaji, mume wa Bolingo, aliyezaliwa kambini Kamina kwa wazazi wa mkoa wa Équateur. Dany alisema hajawahi kukanyaga zahanati ile: Jumamosi Bolingo alipopimwa yeye alikuwa Bukama akichomelea mashua, na Tshiala ndiye aliyemsindikiza. Jumapili ya mauaji alikuwa amelala nyumbani peke yake. Hakuna aliyemwona amelala. Phébé alimfunga pingu Alhamisi saa tatu asubuhi. Dany hakubisha, alinyoosha mikono kama mtu anayepokea mzigo.

* * *

Miezi minne baadaye kesi ilifika mahakamani. Ukumbi ulikuwa na joto la kuokea mkate, feni moja ilizunguka pale tu betri za jua zilipojisikia, na wakili aliyepewa Dany alikuwa na kesi nyingine tatu siku hiyo. Mwendesha mashtaka aliomba adhabu ya kifo kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Sauti ya Dany ilichezwa mara mbili. Francine, katika mstari wa mbele, alimkazia macho Dany tangu asubuhi bila kupepesa. Nyuma yake alikaa Tshiala, amekonda, kitambaa cheusi kichwani. Hukumu ingesomwa kesho yake.

Wakati wa mapumziko Phébé alikaa nje kwenye ngazi, viatu amevivua, mkononi ana mikate miwili iliyokaangwa. Nday alikuja kukaa karibu naye.

"Papa Nday," alisema Phébé, kwa kupitisha muda tu, "ku kile kiti, kando ya Dany, kuko nini ingine?"

"Kelele. Bamama banaimba, banalia, banapandisha sauti. Procureur, ule anamushitaki, aliniambia nisafishe, abakie Dany peke."

"Mbele ya Dany ao nyuma?"

"Mbele na nyuma."

Phébé aliacha kutafuna. "Hakuna muntu anakohoa?"

"Hapana."

"Mutoto kulia sindano? Muntu anasema tumbo inamuuma?"

Nday alivua miwani akaifuta. "Hapana, Mama. Hata moya."

"Na sauti ya Kitwa?"

"Sikuisikia. Nilifikiri alikuwa muntu wa kuongea pole."

Kitwa hakuwa mtu wa kuongea polepole. Kitwa alikuwa akimgombeza Phébé juu ya chumvi mpaka watu wa stesheni wanasikia. Na kile ndicho kiti cha wagonjwa, kimekaa juani miaka, wamekikalia wenye malaria, wenye kuhara, wenye meno. Kiti hicho hakikumsikia mgonjwa hata mmoja. Kilisikia kilio tu.

Yeye ndiye aliyekifunga kwa lakiri. Sahihi yake ilikuwa chini ya karatasi, na kwa sahihi hiyo mtu angekufa.

Nisimfanye shujaa kuliko alivyokuwa. Alikaa pale kwenye ngazi dakika kumi nzima akitamani kunyamaza. Alikuwa amechoka, na kustaafu kulikuwa kumebaki wiki sita. Kiti kinaweza kuwa na maelezo mengine, alijiambia. Kisha akajaribu kuvaa viatu, vikakataa kuingia, akaenda navyo mkononi.

Francine alimfungulia zahanati saa nane na nusu. Ndani kulikuwa na viti vitano vya bluu vimepangwa ukutani, vina vumbi.

"Ni ndugu za kile cha baraza?"

"Tulivinunua pamoja, sita."

Phébé alikipindua cha kwanza. Chini palikuwa peupe. Cha pili, hivyo hivyo. Alivipindua vyote vitano, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na chapa.

"Mama Francine, chapa yenu iko wapi?"

"Hatuna chapa."

"Mukiazimisha ku kilio munavijua namna gani?"

"Kitwa hakuazimisha hata siku moya. Alisema kiti ya mugonjwa haitoke ku dispensaire, itapeleka ugonjwa ku bantu. Balimuchukia sana juu ya ile. Hata kilio ya mama yangu mwenyewe, alikataa." Francine alitabasamu kidogo, mara ya kwanza katika miezi minne. "Nilimununia mwezi muzima."

Phébé alikaa kwenye kimojawapo, kikalia chini yake. Mtu ambaye haazimishi viti hana haja ya chapa. Basi ile KT ilichomwa na mtu aliyedhani, bila hata kufikiri, kwamba kila kiti duniani kina chapa ya mwenyewe. Na tena: mtu ambaye haazimishi viti, nani atamrudishia kiti? Mama Élisa alimwambia Jumapili ileile, kwa majina, na yeye hakuandika hata jina moja.

Saa kumi alikuwa gerezani. Dany aliletwa uani akiwa na kandambili za rangi mbili tofauti.

"Yale maneno," alisema Phébé, "uliyasema wapi?"

"Mama Inspecteur, niliisha kusema sijui. Siku zile nilikuwa naongea peke yangu kila pahali."

"Ku kilio, ulikuwa unaikala wapi?"

"Chini, ku mukeka, na babaume bengine. Siku moya tu, ile ya mazishi, nilishindwa. Nilienda nyuma ya jikoni, kulikuwa kiti ya bluu ku jua, nikaikala, nikalia." Alikuna kifundo cha mkono. "Hata pale habakuniacha. Mama mukwe alikuya, akapandisha sauti. Ilikuwa kiti yake. Kwabo Kasai, mukwe hakalie kiti ya mama mukwe, ni kumuvua nguo. Minyi mutoto ya camp, muntu ya Équateur, nilijua wapi? Alisema kile kiti hakuna muntu atakikalia tena ku nyumba yake."

Phébé alifunga daftari.

"Kesho utavaa shati ya safi," alisema.

* * *

Kesho yake, saa nne kasoro robo, Rais wa mahakama, Mzee Ngandu, alikuwa ameshafungua bahasha ya hukumu wakati Inspekta Kisimba aliposimama bila kuitwa.

"Monsieur le Président, naomba niseme. Nimekosea."

Neno hilo halijazoeleka kinywani mwa polisi. Mwendesha mashtaka alisimama nusu, Mzee Ngandu akamkalisha kwa kidole.

"Umekosea nini, Inspecteur?"

"Kiti. Ile nilifunga na lakiri si kiti ya Kitwa."

Alieleza yote, taratibu, bila kujitetea: kiti cha wagonjwa kisichomjua mgonjwa, viti vitano visivyo na chapa, mtu asiyeazimisha. Kisha akakata lakiri yake mwenyewe, akakibeba kiti mpaka dirishani, akakipindua kuelekea jua.

"Muangalie hapa. Ile KT imechomwa juu ya kitu ingine. Plastiki iliyeyushwa na kisu kwanza. Lakini mwangaza ikipita, ile ya zamani inaonekana."

Wanawake walikuwa wameshaanza kusimama kwenye mabenchi. Ndani ya bluu, chini ya zile herufi mbili, palionekana nyota ya mikono mitano na mstari chini yake.

"Bamama," alisema Phébé, "munarudishaka viti kila mwezi. Nani anaijua hii chapa?"

Kila mtu aliijua; ilionekana kwa namna walivyoinamisha macho. Mwishowe Mama Élisa alisimama, kitenge amekikunja kifuani.

"Nyota na mustari. Ni ya Mama Tshiala."

"Na siku ya Kitwa kufa, Mama Élisa, Mama Tshiala alipita na kiti. Alikuwa anaenda wapi?"

"Kwa Kitwa. Nilifikiri anamurudishia." Akaweka mkono mdomoni. "Mungu wangu. Kitwa hakutoaka kiti."

"Ulimuona mara ngapi?"

"Mara moya ku kuenda. Mbele ya ile saa nilikuwa ku maji, nachota."

"Saa ngapi ulitoka ku maji?"

"Saa tisa na nusu."

"Basi mara ya kwanza hukumuona," alisema Phébé. "Alitoka na kiti ya Kitwa weye uko ku maji. Alirudi na hii yake weye umefika. Na hata bale balimuona mara mbili habakusema kitu, sababu ile siku, muntu mwenye kiti ku kichwa njo muntu ambaye hakuna anamuangalia. Hata minyi."

Tshiala alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. Wakili wa Dany, ambaye siku hiyo alikuwa macho, aliomba nyumba yake ipekuliwe. Mzee Ngandu aliwatuma askari wawili. Ilichukua dakika hamsini, na katika dakika hizo hakuna aliyetoka nje, hata kwenda kujisaidia. Phébé alisimama muda wote, miguu ikimpiga kama ngoma.

Askari walirudi na kiti kimoja. Kilikuwa chumbani kwa Tshiala, nyuma ya kitanda, kimefunikwa shuka nyeupe. Walikipindua mbele ya mahakama, na hakikuwa na chapa yoyote.

Nday alianza kuandaa waya zake.

"Musiweke ile mashine," alisema Tshiala. "Nitasema."

Mzee Ngandu alimwamuru asogee mbele. Alisogea, akasimama karibu na kile kiti, akakiegemea kidogo kwa vidole.

"Kitwa hakumuua Bolingo," alisema. "Ile siku ya mposho, Jumamosi, aliandika karatasi. Alisema damu inapanda, mupeleke hôpital leo, si kesho. Alinipa minyi. Nilimupeleka kwangu. Nilikuwa na bibi moya wa maombi, alisema ku hôpital banakata tumbo, mutoto wa kwanza akikatwa, mama hazai tena. Nilisema tuombe siku moya. Ikakuwa mbili. Ikakuwa tatu." Sauti yake haikupanda wala haikushuka. "Ku kilio bantu banasema Kitwa, Kitwa. Sikusema hapana."

"Na Jumapili?" aliuliza Phébé.

"Alinitumia neno, anasema kesho nitaleta nakala ku jamaa. Nilienda kumuomba. Niliikala hapa, ku jua, ku hii kiti. Nilimuomba sana. Nilipiga magoti. Alisema: Mama, unilaumu minyi, sawa, lakini Dany ataniua na atafungwa bure, lazima ajue. Akaingia ndani kuleta lile daftari. Jiwe ilikuwa pale ku mulango." Aliutazama mkono wake wa kulia. "Nilipasua nakala. Kisha nikakumbuka kiti. Imesikia yote."

"Kwa nini ukaleta kiti ya kilio?"

"Bila kiti, mungeona pengo. Nilichukua ile hakuna muntu anakalia tena kwangu, ile Dany alikalia. Sikujua Dany alisema nini juu yake. Naapa. Nilitosha chapa yangu na kisu ya moto, nikaweka ya Kitwa. Sikugeuza hii yake kuangalia. Nani anaangalia? Kila kiti iko na chapa."

"Na miezi ine Dany yuko ku gereza," alisema Phébé, na safari hii sauti yake ilitetemeka kwa hasira, nusu ya hasira hiyo ikiwa yake mwenyewe. "Ulikuya hapa jana na leo, ukaikala, ukasikiliza."

"Kila siku nilisema kesho nitaongea."

Mzee Ngandu alikuwa anaandika kwa mkono. Hakuinua kichwa alipouliza: "Hii kiti ungeichoma. Moto kidogo tu, inaisha. Kwa nini uliificha?"

Hapo ndipo Tshiala alipoanza kulia.

"Bolingo aliikalia," alisema. "Ile mposho, kwa Kitwa. Kulikuwa jua. Mutoto wangu iko ndani."

Ilibidi sheria ifuatwe. Ungamo bila ushahidi ni maneno, na Mzee Ngandu alitoa amri Sikio liwekwe. Nday aligusisha waya, akazungusha kidude, akarudi nyuma kupita sauti ya Tshiala akiomba, kupita ya Kitwa akikataa, kupita kikohozi na kilio cha mtoto. Kisha ikatoka sauti ya msichana, imechoka, lakini na kicheko kidogo ndani yake, ya mtu anayedhani ana muda.

"Mama, ameshasema hôpital. Twende basi. Miguu inaniuma."

Na sauti ya Tshiala, laini: "Tupite nyumbani kwanza, mwanangu."

Nday alizima. Hakuna aliyemwambia azime.

Dany alikuwa amesimama ndani ya kizimba, mikono imeshika ubao. Hakumtazama Tshiala. Alikuwa anamtazama Francine, na Francine, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, alikuwa ameinamisha macho yake.

"Likoke Dany," alisema Mzee Ngandu, "mahakama itakuachilia leo. Uko na neno?"

Dany aliuachia ubao.

"Siku balileta habari Kitwa amekufa," alisema, "nilifurahi. Nililala vizuri ile usiku, mara ya kwanza tangu Bolingo aende. Na yule baba alikufa sababu alitaka minyi nijue ukweli." Alimgeukia karani. "Muandike na ile. Mama Francine aisikie, na ibakie ku karatasi."

Karani alimtazama Rais, kama anauliza iwapo jambo la namna hiyo huandikwa. Phébé Kisimba akavuta kiti chochote kilichokuwa karibu, akaketi, akachukua kalamu kutoka mkononi mwa karani, akaliandika mwenyewe, neno kwa neno, na chini yake akatia sahihi yake.